Kopo la Senene

Kabla ya kuchagua chuo kikuu, kila mwombaji huvishwa kofia ya kumbukumbu akaishi siku moja ya mwanafunzi wa kweli. Mwanafunzi aliyeitoa siku hiyo haikumbuki tena maishani; ndiyo sharti la kupewa chumba cha hosteli.

Kokuhirwa alianza na chuo cha kaskazini: foleni ya maharage, mhadhara wa watu mia tisa wasiojuana. Akavua kofia akipiga miayo.

Chuo cha pwani kilimlevya. Vijana sita walijazana kitandani, wakichota senene, wale panzi wa kukaanga, kwenye kopo la bluu na kucheka hadi machozi. "Kwa senene, mama yangu hana mpinzani!" kinywa chake kikatamka, kwa sauti ya kaka yake Rwegasira. Na lile kopo lilikuwa la jikoni kwao.

Alipovua kofia, alimkuta Rwegasira sebuleni, ameukodolea ukuta macho.

"Kaka, chuo chenu kilikuwaje?"

"Cha kawaida tu. Sikumbuki la maana."

Mama yao, aliyekuwa akikaanga jikoni, akasonya. "Nilimtumia senene kopo zima, hata ahsante sikuipata. Shukrani ya punda mateke!"

"Nisamehe, Mama," Rwegasira akasema, kama alivyosema miaka yote. "Labda hawakufika."

Koku akafungua mdomo. Lakini mama akiujua ukweli, pwani hatamruhusu kwenda. Akaufunga, akabonyeza jina la chuo cha pwani kwenye simu.

"Na mimi utanitumia senene, Mama?"

"Nitakutumia, mwanangu. Wewe hutanisahau."