Mtu wa Maoni

"Shangazi, leo nakuomba, usimwone mtu."

Binti wa kaka yake alisema hivyo huku akimweka sawa mtandio. Kwenye benchi, kati yao, kulikuwa na begi lenye blanketi, mswaki na ndala. Daktari wa kliniki ya mtaa alishasema: akimwona tena yule mtu, siku hiyo hiyo anapelekwa wodini, hospitali kubwa. Asipomwona, anarudi nyumbani kwenye cherehani yake.

"Simwoni," Shangazi alisema. "Hata anibembeleze."

Akaingia peke yake.

Yule mtu alikuwepo. Amekaa kwenye kiti karibu na mlango, tai shingoni, mkoba sakafuni mbele ya miguu, uso kama ametoka kuzika.

"Karibu, mama," daktari alisema. "Yule mtu wako wa kukusanya maoni ya wagonjwa, bado anakuja?"

"Mtu gani tena, daktari?"

"Shikamoo, mama," yule mtu akasema.

Marahaba ikamfika Shangazi kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Tangu apate akili zake hajawahi kuacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani. Lakini mwezi uliopita aliitikia, akaongezewa kidonge cha njano. Mwezi wa kabla yake alimpisha kwenye kiti, akaongezewa cheupe.

"Ni maswali machache tu kuhusu huduma," yule mtu akaendelea, kalamu mkononi. "Je, daktari huyu anakusikiliza?"

Loo! Swali tamu hilo. Jibu lake Shangazi alikuwa nalo, la kujaza gunia. Akatazama dari.

"Unasikia chochote?" daktari akauliza.

"Nasikia njaa."

"Na pale mlangoni kuna nini?"

"Kuna mlango."

Daktari akacheka, akafunga faili. "Hongera, mama. Umepona. Nenda kashone."

Shangazi akainuka. Mkoba ulikuwa umeziba njia. Akiukwepa, kajulikana. Basi akakaza uso, akaenda moja kwa moja, akaupiga teke la nguvu. Kidole gumba kikalia ko! Machozi yakamtoka.

"Vipi tena, mama?"

"Furaha tu, daktari."

Akachechemea hadi nje. Binti akamkumbatia, akabeba begi lenye blanketi, wakashika njia ya nyumbani.

Ndani, yule mtu akaupangusa mkoba wake, akaurudisha palepale. "Basi hata wewe, daktari. Dakika mbili tu. Ofisini wananidai haya maoni tangu mwaka jana."

Daktari akachukua kikombe chake cha chai, akapandisha suruali kidogo, akauruka mkoba, akazima taa.