Doa Shavuni

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, sikatai. Kwenye kompyuta yetu kuukuu, kivinjari kilijifunga ghafla mara mbili kabla ya kukubali kutuonyesha picha ya mjukuu wetu wa kwanza, aliyezaliwa asubuhi ile. Kilipotulia, nikaona doa la kijani limemfunika mtoto shavu zima. Nikamgeukia mke wangu.

"Mtoto mgonjwa! Mpigie binti yako, haraka!"

"Hebu tulia, babu we," mke wangu akasema.

Akaisogeza picha juu, polepole. Shavu likapanda. Doa likabaki pale pale, sasa limekaa juu ya blanketi.

Nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

Akaingia kwenye mipangilio, akazima kile kitu cha kuharakisha picha ambacho mashine yetu ya zamani haikiwezi, akafungua upya. Mtoto akatokea safi, amekunja ngumi, pua imetawala uso mzima.

"Bado ina hitilafu," nikasema, nikijifuta machozi kwa ujanja. "Tazama pua ilivyovimba."

"Doa lilikuwa la kompyuta, mume wangu. Pua ni yako."