Kanga ya Mama

Bendi ikifikisha wasikilizaji milioni moja, kumbukumbu ya shabiki wake wa kwanza hugawiwa kwa wote wanaoisikiliza. Ndiyo sheria. Jumatatu Kisosora Jazi walifikisha milioni yao, na shabiki wao wa kwanza ni mimi. Miaka mitano niliwasihi watu waisikilize bendi hii, wakaniambia zile ni kelele. Sasa hata mama muuza nyanya ananisimulia ile siku ya mvua nilipoisikia bendi mara ya kwanza, tena ananisahihisha.

Leo asubuhi wifi yangu Mwanaidi alikuwa anachambua mchele huku akiimba.

"Unakumbuka, Salha, mama alivyopiga mfuniko wa sufuria kufuatisha ngoma?" akaniuliza. "Sisi tumekaa mkekani, mvua inanyesha."

"Tulikuwa wawili, wifi. Mimi na mama. Wewe kaka alikuwa hata hajakuoa."

"Wivu huo. Mama mwenyewe hakuwa mchoyo."

Mwanaidi hakuwahi kumwona mama. Alipoletwa hapa tulikuwa tumeshamzika.

"Na ile kanga yake ya bluu," akaendelea, "ilivyompendeza."

"Ya kijani," nikasema. "Imechanika pindoni."

"Ya bluu, wifi. Muulize yeyote."

Niliingia chumbani, nikafungua sanduku, nikaitoa kanga ya mama. Ni ya kijani, na pindo limechanika. Niliikumbatia, nikafumba macho ili nimwone na mfuniko wake. Akaja akicheka, amejifunga kanga ya bluu.