Makumbi Chini ya Sakafu

Siku ya kufunguliwa jumba la utamaduni wa wilaya, Bi Mwanakheri aliitwa mbele ya wageni awaonyeshe kamba ya makumbi ya nazi inavyosokotwa.

"Makumbi yako wapi, mama?" afisa utamaduni alimnong'oneza.

"Nilipoyafukia yaoze nyuzi zilainike, hapa hapa ufuoni. Mkayamwagia zege la jumba hili. Nilipolalamika mkaniambia nisizuie maendeleo."

"Basi igiza tu, mama. Wageni wanasubiri."

Bi Mwanakheri aliitazama picha yake kubwa ukutani, anacheka, matope hadi magotini. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Akashika gongo lake la kupondea makumbi, akapiga magoti, akaanza kuitwanga sakafu kwa nguvu zake zote.

Wageni walipiga makofi mpaka kigae cha kwanza kilipopasuka. Yeye hakuacha.