Siku Tisa Zilizobaki

Siku ya tano tangu afike kisiwani, Shifaz aliibeba tena meza ya chumbani kwake, akaipitisha kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni na kuitua chini ya upenu, ikitazamana na lango la bluu la ng'ambo ya njia. Mvua ilikuwa ikipiga kwa mshazari. Akafungua kompyuta, akavuta kiti.

"Mhandisi, leo meza unaipeleka wapi, baharini?" aliuliza Zahir, mwenye nyumba.

"Hapa mtandao unashika vizuri."

"Mtandao wangu unashika mpaka chooni. We sema lango linaonekana vizuri."

Shifaz alicheka, akainamia mchoro wa ghorofa aliotakiwa kuutuma ofisini Malé, mji mkuu, kabla ya adhuhuri. Ulikuwa mwezi wa saba. Watalii walikuwa wamekwenda zao, viti vya ufukweni vimefungwa kamba, na katika vyumba vinane vya Zahir mgeni alikuwa yeye peke yake.

Nyuma ya lango lile aliishi Luthfa. Kwa miaka miwili ya ndoa walikuwa wamegombania jambo moja tu: kazi ya Shifaz ilikuwa Malé, na Luthfa, mwalimu wa shule ya kisiwani, hakutaka kuishi kwenye chumba cha ghorofa ya saba ambako hata mchanga huuoni. Mwezi wa nne, kwa hasira, Shifaz alitamka talaka moja. Chai waliyokuwa wakinywa haikuwahi kupoa kabla hajaanza kujuta.

Hakuomba radhi. Alifanya kile alichoona kina maana zaidi: alimsumbua bosi wake wiki baada ya wiki mpaka akapata ruhusa, kwa maandishi, ya kufanya kazi akiwa popote penye mtandao. Hakumdokezea Luthfa. Safari hii alitaka kuja na jambo lililokamilika, si ahadi nyingine. Luthfa alipompigia simu mwezi wa sita, hakupokea. Alimwandikia tu: "Nivumilie kidogo. Nakuja mwenyewe."

Na sasa alikuwa amekuja. Eda ilikuwa haijaisha, angeweza kumrejea kwa kutamka neno tu. Lakini hakutaka Luthfa arudishwe, alitaka arudi. Ndiyo maana alikaa pale kila siku, afanye kazi mbele ya nyumba yao, Luthfa aone kwa macho yake kwamba inawezekana. Tangu afike, hakuwa amemwona hata kivuli.

Saa nne lango lilifunguka. Akatoka mama yake Luthfa, mwavuli mkononi.

"Asalaam aleikum, mama," Shifaz alisema, akisimama.

"Waaleikum salaam, mwanangu."

Alisimama kwenye mvua, akaitazama ile meza na waya zake, kisha akamtazama Shifaz kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaenda zake.

"Umesikia?" Shifaz alimgeukia Zahir. "Kaniita mwanangu!"

"Nimesikia." Zahir hakutania. Aliweka mezani sahani ya mikate na samaki aliyechanganywa na nazi. "Kula."

"Amekasirika tu, najua. Ana haki. Lakini zimebaki siku tisa, siku tisa si haba."

"Nani kakuhesabia?"

"Nimehesabu mwenyewe. Miezi mitatu tangu ile siku. Nimeweka alama kwenye kalenda."

Zahir alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Kaka," alisema mwishowe, "kagonge leo. Hizo tisa usizingoje."

"Unadhani atakubali?"

"Mimi nakodisha vyumba tu, ndugu yangu. Nenda kagonge."

Shifaz alikuwa na mkutano wa kazi saa tano. Wenzake walipoanza kujitokeza kwenye kioo mmoja mmoja, aliwaandikia kwamba ana dharura, akaifunga kompyuta. Akavuka njia bila mwavuli.

Aligonga mara tatu. Alisikia ndala zikija polepole, zikisimama, kisha zikija tena.

Luthfa alifungua lango nusu. Alikuwa amekonda. Alikuwa amejifunika vyema, nywele zote ndani ya mtandio, kama mtu aliyetoka kumsikiliza mwanamume baki, na hakuuachia mlango. Moyo wa Shifaz uliuma, lakini alijiambia hiyo ni hasira, na hasira hupoa.

"Usiseme kitu kwanza," alisema. "Nisikilize, halafu nifukuze."

Luthfa aliukaza mtandio.

"Ofisi imekubali. Nina barua. Nitafanya kazi hapa hapa, nitakwenda Malé mara moja kwa mwezi, basi. Hutaacha shule, hutamwacha mama yako. Nilikosea, Luthfa. Nilikutaka unifuate wakati mimi ndiye niliyekuwa na njia ya kuja. Siku tano hizi nimefanya kazi pale nje, hakuna hata mchoro mmoja uliochelewa. Inawezekana."

"Nilikuona," alisema kwa sauti ndogo. "Dirishani. Kila siku."

"Basi niambie ndiyo. Sitaki kutamka kitu ambacho wewe hukitaki. Bado tuna siku tisa."

Luthfa alimtazama, maji ya mvua yakimchuruzika Shifaz usoni, na kwa mara ya kwanza uso wa Luthfa ukalegea, kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Eda ya mwenye mimba haihesabiwi kwa kalenda, Shifaz," alisema. "Yangu iliisha siku kumi na tisa zilizopita, hospitalini, mimba ilipotoka. Alikuwa wa kike."