Mwelu Amekupita

Baba yake aliposhushwa kaburini huko Ugenya, Lazarus Obuya alikuwa chumbani kwake mtaani Kabiria, jijini, mlango ameufunga kwa ndani, anafuta sentensi moja ya Kiingereza kwenye programu ya kompyuta. Sentensi ilisema kwamba moduli haikupatikana. Mahali pake akaweka tarakimu tupu, 2, na programu ikapungua kidogo.

Simu ilikuwa ikilia tangu asubuhi. Mwishowe akaipokea.

"Laz, wanashusha Mzee saa hii," alisema dada yake, Joyline. "Watu wanauliza firstborn ako wapi. Niwaambie nini?"

Akamwambia aseme anaumwa. Joyline akakata simu.

Usidhani Obuya hakuwa na utu. Alimlilia baba yake wiki nzima, na tiketi ya basi alishakata. Lakini mchana wa siku ya kusafiri, Vimla alimwandikia maneno mawili tu: Mwelu amekupita. Obuya akavua viatu, akarudi mezani.

Vimla ndiye mwenye kampuni moja ya Kilimani inayotengeneza visanduku vya kuchunga majokofu ya maziwa. Kumbukumbu ya kisanduku ni finyu na ilikuwa imejaa pomoni. Basi akatangaza kazi, nafasi moja tu, na mtihani wake ukawa huu: chukua programu inayopakia moduli kwenye kerneli, kiini cha mfumo, yaani ile ambayo kisanduku kikiwaka huingiza vipande vya mfumo kimoja baada ya kingine, cha modemu, cha kipimajoto, na uipunguze kadiri uwezavyo bila kuiua. Wagombea mmebaki wawili, alimwambia, wewe na Mwelu. Mwenye programu ndogo zaidi ndiye ataajiriwa.

Obuya alikuwa na digrii, na kwa miaka alikuwa akifuta vumbi kompyuta za watu kwenye kibanda cha kukodi huko barabara ya Tom Mboya. Kazi hii aliitaka kuliko kitu chochote.

Alianza na mepesi. Akaondoa maelezo ya msaada, maana hakuna jokofu linalosoma. Akaondoa sehemu ya kufungua faili zilizobanwa, kwa kuwa moduli za kisanduku hazibanwi. Akatuma, akajipongeza kwa soda. Kesho yake: Mwelu amekupita.

Akachukua kazi mbili zilizofanana, ya kuingiza moduli na ya kuitoa, akazifanya moja. Mwelu akampita. Akatupa chaguo zote ambazo kisanduku hakikuwa kikizitumia. Mwelu akampita tena, na kila mara kwa baiti chache tu, unaweza kuzihesabu kwa vidole. Hicho ndicho kilichomkosesha usingizi.

Akaanza kumchukia. Alimwazia Mwelu kama msichana wa Kilimani, mwenye jenereta na kahawa ya mashine, anayeshinda bila kutoka jasho. Stima ikipotea Kabiria, Obuya alikuwa na hakika kwamba Mwelu anacheka. Marafiki wakipiga simu hakupokea. Akaacha kunyoa, akaacha kupika, akawa anakula mkate mkavu huku akimtukana mtu ambaye hajawahi kumwona.

Na hiyo siku ya mazishi, baada ya Joyline kukata simu, wazo likamjia. Programu ilikuwa ikipoteza nafasi kubwa kutafuta ni moduli ipi inaitegemea ipi, ili iingize ile ya kutangulia kwanza. Lakini kwenye kisanduku hiki mpangilio haubadiliki hata siku moja. Kwa nini usipangwe huko huko kiwandani? Akaukata mti wote huo wa kutegemeana, akabakisha orodha fupi. Programu ikasinyaa hadi nusu. Aliituma wakati waombolezaji kwao wakigawiwa chakula.

Vimla alipiga simu mwenyewe. Umeshinda, alisema, njoo kesho.

Obuya alilia kwa furaha, halafu akalia kwa ile sababu nyingine. Usiku huo aliamua jambo moja: kabla ya chochote, atamwomba Vimla amkutanishe na Mwelu. Alitaka kuiona sura ya mtu aliyemfanya awaachie binamu zake kumtupia babake udongo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mapazia, chenye meza mbili. Vimla, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimkaribisha chai ya tangawizi na kumpa pole za msiba. Obuya akashangaa amejuaje, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amemwomba ruhusa ya kwenda mazishini. Akauliza wafanyakazi wengine wako wapi, na kama Mwelu anaweza kuitwa.

Vimla aligeuza laptopu ili waone wote wawili. Kulikuwa na programu nyingine ya kupunguzwa, alieleza, ile inayotuma vipimo vya joto, na kuna mama mmoja wa Kawangware, Nasimiyu, aliyekuwa akiifanya vizuri sana. Ila asubuhi hii ameandika kuomba siku mbili. Mtoto wake amelazwa.

"Mimi code sijui," Vimla alisema. "Wewe ndio unajua. Leo tumwambie Mwelu amempita na baiti ngapi?"

Obuya alitazama kioo cha laptopu, akaelewa kwamba Mwelu hakuwahi kuwapo. Chai ikapoa. Machozi yakamlengalenga. Kisha Obuya akavuta kiti karibu na meza.

"Weka chache tu," alisema. "Ukiweka nyingi atakata tamaa, aende kwa mtoto."