Mba Haina Miguu

"Inama zaidi," mama alisema, akaugeuza uso wa binti yake kuelekea dirishani kwenye mwanga. "Na uache kujikuna, unaniharibia kazi."

Binti aliinama. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya magoti ya mama, kama alivyozoea kuketi akisukwa. Leo hakukuwa na kusukwa. Kichwa kilikuwa kinamuwasha tangu Alhamisi, na siku zote hizo alijidanganya kuwa ni mba. Ijumaa alinunua mafuta. Jumamosi aliosha nywele mara mbili. Asubuhi hii, ikiwa imebaki saa moja kengele ya shule igongwe, maji yalimfika shingoni, akamletea mama kitana bila neno.

"Ni mba tu," alisema.

"Tutaona."

Mama alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalizoea kufukuzana na vitu vidogo. Alitandika magotini kipande cha kitambaa cheusi, salio la suruali ya mteja, kisha akapuliza kichwa. Chenga nyeupe zikapukutika, zikatua kitambaani, zikatulia.

"Hii ndiyo mba. Ukipuliza inaanguka yenyewe, mpaka mabegani."

Binti alishusha pumzi. Mama hakushusha. Alikuwa ameushika unywele mmoja nyuma ya sikio, akaupuliza, akaukung'uta, akaukwangua kwa ukucha. Kitone cheupe kilikuwa palepale, kimegandia.

"Na hili ni yai." Alipitisha kitana mara moja, akakigonga juu ya kitambaa. Kikaanguka kitu cha rangi ya vumbi, kidogo kama punje ya ufuta, kikajigeuza, kikaanza safari. "Mba haina miguu, mwanangu."

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Uso ulimchoma mpaka masikioni.

"Mama, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nitaanzia wapi?" Mama alitaka kucheka, akaona mabega ya binti yake yanatetemeka, akaacha. "Chawa hachagui. Anapenda kichwa kisafi kama anavyopenda kichafu."

"Leo ni Jumatatu," binti alisema.

Mama alielewa. Kila Jumatatu shule nzima ilipangwa uwanjani, vichwa vikakaguliwa kimoja kimoja. Aliyekutwa na chawa alitolewa mbele ya wenzake, akapitishwa mkasi mstari mmoja kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ili asiwe na njia ila kwenda kunyoa zote. Watoto waliuita mstari huo barabara.

"Leo nisiende. Nitasema tumbo linaniuma."

"Tumbo lako linajua Jumatatu tangu darasa la kwanza. Usipoonekana leo ndipo watakapouliza."

"Na mtoto mmoja akimwona chawa anatembea shingoni kwangu? Mbele ya shule nzima?"

Mama aliendelea kuchana, fungu kwa fungu, akigonga kitana kitambaani. Madaftari yalikuwa yametapakaa mezani tangu jana, hayajaguswa. Binti aliyatazama ili asitazame kitambaa.

"Wiki iliyopita alikatwa msichana wa darasa la tatu," alisema polepole. "Alisema ni mba. Alisema mara tatu. Uwanja mzima ukacheka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Palepale. Hatua moja tu."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Kitana kilisimama. Binti alijilazimisha kuendelea, maana neno lenyewe lilikuwa limemkaa kooni wiki nzima. "Sweta lake lilikuwa jeupe mabegani, mama. Alipoinama, weupe ule ulipukutika chini. Nimeukumbuka sasa hivi ulipopuliza."

"Basi mtoto wa watu hakuwa na chawa."

"Hakuwa."

"Mkuki kwa nguruwe," mama alisema, na hakuumalizia msemo. Alikunja kitambaa cheusi kwa uangalifu, asimwachie hata mmoja atoroke, akaenda kukitumbukiza kwenye maji ya moto. Aliporudi alimkuta binti amejifunika uso kwa viganja.

"Jioni nitakupaka dawa, na baada ya siku saba nitarudia. Hilo la chawa tutalimaliza hapa chumbani. Hilo la yule mtoto siwezi kukusaidia."

"Nimwambie nini?"

"Ulivyoniambia mimi."

Mama alimfunga kilemba, akakikaza mpaka ngozi ya paji ikavutika, akachomeka pini mbili. Binti alikusanya madaftari, akatoka. Njia nzima alisikia kama kila mtu anamtazama kichwani. Mwanamke mmoja alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara, naye akajifanya hajamwona.

Kengele iligongwa akiwa getini. Mistari ilikuwa tayari imenyooka, darasa la kwanza mbele, na kimya kile cha Jumatatu kilikuwa kimeshawaingia watoto. Alipita kando ya ukuta, macho chini, akiwa amelaza shavu karibu na bega kuficha shingo. Katika mstari wa darasa la tatu aliona kichwa kilichonyolewa kiking'aa juani. Msichana hakumwangalia. Wenzake walikuwa wameacha nafasi mbele yake na nyuma yake.

Alitaka kugeuka na kurudi nyumbani, lakini mwalimu wa zamu alikuwa ameshamwona, na alikuwa akimjia kwa haraka na mkasi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu mkuu," alisema yule wa zamu, akamkabidhi binti mkasi kwa mikono miwili. "Tulikuwa tunakusubiri. Leo utaanza kuwakata wa darasa gani?"